Jinsi ya Kuchagua Fimbo, Rili na Boti Ndogo ya Kuvulia Besi

Besi (kwa Kiingereza bass) ni samaki wa kuvizia. Hazunguki ovyo katikati ya maji. Hujibanza kando ya gogo lililozama, chini ya majani yanayoelea, kwenye ukingo wa miamba au kwenye kivuli cha gati, akingoja windo lipite karibu na mdomo wake. Tabia hiyo ndiyo inayoamua vifaa. Fimbo lazima iweze kutua chambo pale pale ulipolenga. Rili, kile kifaa cha kukunjia uzi, lazima imwondoe samaki penye vijiti kabla hajavizungushia uzi. Boti nayo lazima ikufikishe kimya kimya mahali ambapo maji pengine hayafiki magotini.

Wengi huanza na boti au rili kwa sababu ndivyo vitu vinavyovutia macho. Mimi nashauri mpangilio mwingine: maji kwanza, halafu chambo, uzi, fimbo, rili, na boti mwisho. Ukiufuata, kila uamuzi unaurahisisha unaofuata. Ukiupindua, utajikuta na rili nzuri isiyoendana na fimbo, na fimbo nzuri isiyofaa maji unayovulia.

Hatua ya 1: Yajue maji yako

Jiulize maswali manne. Kina ni kiasi gani mahali samaki wanapokaa? Maji ni maangavu au yana tope? Chini kuna majani, magogo au mawe? Na upepo unapovuma, mawimbi yanafika urefu gani?

Besi mdomo-mpana hupenda maji ya vuguvugu yaliyotulia, yenye majani na magogo. Besi mdomo-mdogo hupenda maji ya baridi kidogo, maangavu, yenye mawe, na mara nyingi hukaa kwenye mito. Wa kwanza anadai vifaa vizito zaidi, lakini si kwa sababu ya uzito wa mwili wake. Rekodi ya dunia ya besi mdomo-mpana iliwekwa mwaka 1932 na George Perry katika jimbo la Georgia, Marekani: ratili 22 na wakia 4, takriban kilo 10. Mwaka 2009 Manabu Kurita alivua mwingine wa uzito karibu sawa na huo katika Ziwa Biwa, Japani, na rekodi ikawa ya wote wawili. Hao ndio wakubwa kabisa. Utakaokutana nao wewe wengi watakuwa kati ya nusu kilo na kilo mbili. Fimbo nzito na uzi mnene ni kwa ajili ya majani anayojitumbukiza humo akishanaswa, kwa maana unamvuta yeye pamoja na furushi la magugu. Penye maji matupu, vifaa vyepesi vinamtosha kabisa.

Hatua ya 2: Amua aina ya chambo

Kwa kuchagua fimbo, jambo kubwa kuhusu chambo bandia ni ndoana yake. Kuna vyambo vya ndoana moja nene: mnyoo wa mpira, jigi (ndoana yenye kichwa kizito), na vile vyenye vibati vinavyozunguka. Kuna na vyambo vya ndoana nyembamba zenye makali matatu, kama vijisamaki vya plastiki vyenye ulimi unaovizamisha na vile vinavyoelea juu. Ndoana nene inahitaji nguvu ya ghafla ili ipenye mdomo. Ndoana nyembamba hupenya kirahisi, ila huchomoka kirahisi vilevile ukivuta kwa pupa. Liweke hili akilini, tutalirudia kwenye fimbo.

Kwa kuanzia, minyoo ya mpira na kijisamaki kimoja chenye ulimi vinatosha. Besi mwenye njaa hakagui boksi lako lina vyambo vingapi.

Hatua ya 3: Uzi

Nyuzi ni za aina tatu. Nailoni ni rahisi, hunyumbuka, haizami haraka, na husamehe makosa ya mkono. Fluorokaboni huzama, hainyumbuki sana, na huonekana kwa shida majini kwa kuwa inapinda mwanga karibu sawa na maji yenyewe: kipimo chake ni takriban 1.42, cha maji ni 1.33, wakati cha nailoni kinapita 1.5. Uzi wa kusuka haunyumbuki kabisa na ni mwembamba mno kwa nguvu yake. Wa ratili 30, yaani unaohimili mvuto wa ratili 30 kabla ya kukatika, hulingana kwa unene na nailoni ya ratili 8 hivi. Ila unaonekana wazi, na husagika upesi kwenye mawe makali.

Penye majani mazito tumia uzi wa kusuka wa ratili 50 hadi 65, bila kuuonea haya. Penye maji maangavu, jaza rili uzi wa kusuka wa ratili 10 hadi 15, kisha mwishoni unganisha pima moja ya fluorokaboni ya ratili 8. Kabla ya kuujaza uzi wa kusuka, zungusha kwanza nailoni kidogo kwenye bobini, ile sehemu ya rili inayobeba uzi. Bila hivyo uzi wote hujizungusha juu ya chuma kinachoteleza, nawe utadhani rili imeharibika.

Hatua ya 4: Fimbo

Hapa ndipo ningetaka utumie muda mrefu zaidi, kwa sababu fimbo ndiyo inayokuletea habari za huko chini. Besi akionja mnyoo wa mpira, mara nyingi hutaona lolote. Utahisi tu mguso mdogo kidoleni, au uzito ambao haukuwapo. Fimbo mbovu huificha habari hiyo, na hakuna rili ya bei yoyote itakayoirudisha. Fedha ikiwa ndogo, ielekeze zaidi kwenye fimbo na ununue rili ya kawaida.

Juu kidogo ya mpini kuna maandishi madogo. Yasome kabla ya kutazama rangi. Tuseme imeandikwa 7'0", MH, F, 12–20 lb, 1/4–1 oz. Maana yake ni fimbo ya futi 7, yenye nguvu ya kati inayoelekea uzito, yenye mpindo wa haraka, ya uzi wa ratili 12 hadi 20 na chambo cha robo wakia hadi wakia moja, yaani gramu 7 hadi 28. Heshimu namba za chambo. Chambo chepesi kuliko kiwango hakiipindi fimbo wakati wa kutupa, basi hakiendi mbali. Kizito kuliko kiwango kinaweza kuivunja.

Nguvu na mpindo ni vitu viwili tofauti, na watu huvichanganya kila siku. Nguvu ni kiasi cha uzito kinachohitajika ili fimbo ikubali kupinda. Herufi zake huanza na UL, nyepesi kabisa, zikipitia L, ML, M na MH hadi H na XH. Mpindo ni mahali fimbo inapopindia. Fimbo ya mpindo wa haraka hupinda sehemu ya juu tu, karibu na ncha, na chini hubaki ngumu. Ya mpindo wa wastani hupinda mpaka katikati.

Sasa rudi kwenye ndoana. Ndoana moja nene inataka mpindo wa haraka, kwa sababu ukinyanyua fimbo, nguvu hufika kwa samaki mara moja. Ndoana za makali matatu zinataka mpindo wa wastani. Fimbo inayojipinda taratibu humpa besi nafasi ya kukiingiza chambo kinywani, kisha hunyonya mitikisiko yake anaporuka na kutikisa kichwa, na zile ndoana nyembamba hazipasui mdomo. Ukiwapoteza samaki wengi karibu na boti kwa chambo cha namna hii, kabla ya kulaumu ndoana, itazame fimbo yako inapindia wapi.

Urefu una hesabu yake. Futi 6 na nusu inafaa kulenga chini ya matawi na kuvulia ukiwa umekaa kwenye kayaki. Futi 7 hufanya karibu kila kazi. Futi 7 na nusu na kuendelea hutupa mbali na huondoa haraka uzi uliolegea, lakini huchosha kifundo cha mkono, na mtu mfupi akichezesha nayo chambo kinachoelea atakuta ncha inapiga maji.

Kuhusu malighafi, fimbo za kaboni ni nyepesi na zina hisia kali, lakini hazipendi kugongwa kwenye ukingo wa boti. Alama ndogo ya mgongano ya leo ndiyo inayovunjika mwezi ujao samaki akiwa mkononi. Za faiba ni nzito, hazina hisia sana, na haziharibiki kirahisi. Za mchanganyiko hupendwa kwa vijisamaki vyenye ulimi, kwani hupinda kwa upole. Hata uwe na fimbo gani, usimnyanyue samaki kwa fimbo iliyosimama wima. Nguvu yote huhamia kwenye ncha, na ncha ndiyo nyembamba kuliko kwingine kote.

Dukani fanya mambo matatu. Pitisha kipande cha pamba ndani ya kila pete; kikikwaruza na kuacha nyuzi, pete ina ufa na itakula uzi wako. Omba rili ifungwe kwenye fimbo, kisha uishike kama unayevua: ikiwa ncha inazama kila mara, mkono utauma kabla ya saa sita mchana. Mwisho, mwombe mtu ashike ncha kwa upole nawe unyanyue fimbo taratibu, uone inapindia wapi. Usikubali maneno ya kwenye karatasi tu.

Ukinunua moja tu, chukua futi 7, nguvu M, mpindo wa haraka, ya rili ya chini (aina za rili nazieleza kwenye hatua ya 5). Ya pili iwe futi 7, MH, mpindo wa haraka, ya rili ya juu. Ya tatu, ukifika huko, iwe M ya mpindo wa wastani kwa vyambo vya makali matatu. Fimbo za kazi moja moja zisubiri.

Hatua ya 5: Rili

Rili ya chini, ambayo kwenye maboksi huandikwa spiningi, huning'inia chini ya fimbo na bobini yake haizunguki unapotupa. Uzi hutoka wenyewe kwa miduara. Haijisokoti kirahisi, hutupa vyambo vyepesi vizuri, na mtu hujifunza kuitumia siku hiyo hiyo. Kwa besi chagua saizi ya 2500 au 3000.

Rili ya juu, au beitikasta, hukaa juu ya fimbo na bobini yake huzunguka uzi unapotoka. Inashinda kwa shabaha, kwa nguvu na kwa nyuzi nene. Tatizo lake ni moja: chambo kikipunguza mwendo na bobini isipunguze, uzi hujirundika na kujisokota ndani. Dawa ipo, nayo ni kuiseti kwa mpangilio huu:

1. Funga chambo, shika fimbo ikielekea mbele, kaza kabisa kile kitufe kidogo kilicho upande wa mkono wa rili.
2. Bonyeza kitufe cha kuachia uzi. Legeza kile cha pembeni kidogo kidogo mpaka chambo kianze kushuka polepole. Kikigusa ardhi, bobini isimame bila kuendelea kuzunguka.
3. Weka breki ya kutupia, iwe ya sumaku au ya vijipande vinavyotanuka, karibu na mwisho wa juu. Ipunguze siku zijazo kadiri kidole gumba kinavyozoea.
4. Tupa bila papara, na uguse bobini kwa kidole gumba kabla tu ya chambo kutua.

Fanya mazoezi uwanjani kwa kizito cha nusu wakia kisicho na ndoana, na nailoni ya ratili 12 au 14. Usianzie na uzi wa kusuka. Ukijisokota huo, utaukata. Na ukiwa unatupa kuelekea kwenye upepo, ongeza breki, hata kama umezoea vipi.

Namba kama 7.1:1 inaeleza bobini inazunguka mara ngapi kwa kila mzunguko wa mkono wa rili. Za 5 na kitu ni za polepole zenye nguvu, nzuri kwa vijisamaki vikubwa vinavyozama sana, kwani hazikuchoshi. Za 6 hadi 7 ni za kazi zote. Za 8 hukusanya uzi kwa kasi, jambo linalosaidia kwa jigi na minyoo, pale samaki anapokimbilia upande wako uzi ukiwa umelegea. Nunua ya 7 kwanza. Unaweza kuzungusha polepole rili ya kasi, ila ya polepole huwezi kuilazimisha ikimbie siku nzima.

Idadi ya beringi iliyoandikwa kwenye boksi isikusumbue. Beringi chache nzuri hushinda nyingi duni. Jaribu badala yake kuusukuma mkono wa rili juu na chini uone kama unacheza, na uminye fremu uone kama inajikunja. Kisha ijaribu dragi, ile breki inayoachia uzi samaki akivuta. Iachie kwa ulaini, bila kushtuka. Iseti kati ya robo na theluthi ya nguvu ya uzi: uzi wa ratili 12 uanze kutoka ukivutwa kwa ratili 3 hadi 4. Penye majani mazito tu ndipo unapoikaza zaidi.

Hatua ya 6: Boti

Nunua boti ndogo kuliko zote zinazoweza kukubeba salama kwenye maji yako, na ambayo unaweza kuishusha peke yako. Boti inayohitaji msaidizi kila safari itakaa nyumbani.

Kayaki ya kukalia juu, ya futi 10 hadi 13, ndiyo njia rahisi zaidi ya kufika penye maji mafupi. Upana ndio unaoamua kama utasimama: ukitaka kuvua wima, tafuta inchi 34 au zaidi. Zenye pedali huacha mikono huru kwa fimbo, lakini ni nzito na mapezi yake hunasa majani.

Boti ya alumini yenye tumbo bapa, ya futi 12 hadi 14, ndiyo ninayoipendekeza kwa wengi. Hutulia ukisimama, huelea kwenye maji ya inchi chache, na huvumilia kugongwa na magogo. Udhaifu wake ni mawimbi. Omo (mbele ya boti) bapa hupiga maji badala ya kuyakata, na ziwani upepo ukiamka, utalowa na utachelewa kurudi. Ikiwa maji yako ni mapana na yana upepo, chagua yenye omo iliyochongoka na mkuku, ukikubali kwamba huyumba zaidi ikisimama na huhitaji kina kikubwa kidogo.

Boti ya kujaza upepo huingia kwenye buti la gari, na ikiwa na vyumba vya hewa visivyopungua vitatu vinavyojitegemea si kitu cha kudharau. Hata hivyo ndoana ni adui yake, na upepo huisukuma kama jani. Boti za faiba za futi 17 hadi 21 zenye injini za nguvu-farasi 150 na kuendelea zimekusudiwa mabwawa makubwa na mashindano. Kwa mvuvi wa bwawa la kawaida ni mzigo wa mafuta na matengenezo.

Tafuta bamba la uwezo karibu na tezi (nyuma ya boti), linaloonyesha watu na uzito boti inaoruhusiwa. Kama halipo, zidisha urefu kwa upana katika futi, kisha gawanya kwa 15. Boti ya futi 12 kwa 4 inatoa 48, ambayo ukigawanya ni 3.2. Hao ni watu watatu kwenye maji tulivu. Ukijumlisha betri, nanga na vifaa, watu wawili ndiyo hesabu yangu.

Hatua ya 7: Mota, betri na usalama

Mota ya umeme ndiyo inayokusogeza bila kelele. Nguvu yake hupimwa kwa ratili za msukumo, na kanuni ya chini ni ratili 2 kwa kila ratili 100 za uzito wote. Boti, watu na mizigo vikifika ratili 800, kima cha chini ni 16. Kwa ajili ya upepo na majani, mimi ningezidisha mara mbili. Mota za volti 12 hufika msukumo wa ratili 55 hivi, na hiyo inaitosha boti ndogo yoyote.

Mota ya ukubwa huo hula takriban amperi 50 ikifunguliwa yote. Betri ya risasi ya amperi-saa 100 haifai kushushwa chini ya nusu, kwa hiyo inakupa saa moja kwa mwendo wa juu, na muda mrefu zaidi ukienda polepole. Ya lithiamu ya kiwango hicho hutumika karibu yote na ina uzito chini ya nusu ya ile ya risasi, faida kubwa kwenye kayaki. Usitumie betri ya kuwashia gari: haikuumbwa kwa kumaliziwa umeme na kujazwa tena kila siku. Weka fyuzi au swichi ya kukata umeme karibu na betri.

Vaa jaketi okozi muda wote. Lililo chini ya kiti halitakufikia ukianguka. Kama una injini ya mafuta, jifunge kamba ya kuizima. Sheria ya shirikisho ya Marekani tangu Aprili 2021 inawalazimu waendeshaji wa boti fupi kuliko futi 26 zilizofungwa kifaa hicho kukitumia zinapokwenda kasi, na sababu ni kwamba boti iliyomwangusha nahodha wake huzunguka na kumrudia. Beba makasia hata ukiwa na mota mbili. Nanga ifungwe omo, kamba iwe na urefu wa mara tano hadi saba ya kina. Ukiifunga tezi, mawimbi huingilia pale ukingo wa boti ulipo chini zaidi. Sheria za usajili na za uvuvi wa besi hutofautiana kila mahali, kwa hiyo ziulizie kabla ya kushusha boti.

Hatua ya 8: Kagua boti iliyotumika

Boti ya alumini ikiwa juu ya trela, mimina ndani maji ya sentimita chache tu, kisha uinamie chini na kutazama misumari na maungio. Panapodondoka matone, weka alama ya chaki. Misumari michache inayovuja inazibika; mstari mzima ukivuja, mwachie mwenyewe. Kwa boti ya faiba, tembea sakafuni ukisikiliza na kuhisi mahali panapobonyea, na utafute nyufa kwenye pembe za tezi. Kisha gonga ubao unaobeba injini kwa mpini wa nyundo. Sauti kavu ni mbao nzima, sauti nzito ya kufifia ni mbao iliyooza. Kama injini imefungwa, shika sehemu yake ya chini na kuisukuma juu na chini huku mwenzako akiutazama ubao huo: ukijikunja, gharama ya kuubadilisha ipunguzwe kwenye bei.

Mwisho omba ishushwe majini. Pakia uzito ule ule utakaoubeba, simama pale utakaposimama ukitupa, geuka kushoto na kulia, halafu tazama ukingo umebaki juu ya maji kwa kiasi gani. Subiri nusu saa, kisha angalia ngamani, chini kabisa ndani ya boti, kama kuna maji.